Sura ya Nne: Faili Kwanza, Kamera Baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote, kuanzia Handeni hadi Korogwe, ni hili: "Fundi, hiyo ni 4K?" Mara chache sana mtu huuliza kamera inarekodi faili la aina gani, au kama mjukuu wake ataweza kulifungua. Ndiyo maana nimeiandika sura hii. Mtu wa Mashewa anayetaka kuhifadhi harusi ya binti yake, maulidi ya kijijini au hadithi za bibi kwa Kisambaa hashindani na kituo cha televisheni. Anahitaji picha inayoonekana, sauti inayosikika na faili litakalofunguka baada ya miaka 20. Nitakwenda kwa mpangilio: kwanza ukubwa wa picha, pili kasi ya fremu, tatu faili lenyewe.

Ukubwa wa picha hauna mengi. Full HD ni nukta 1,920 kwa 1,080, yaani kama milioni 2 tu. 4K ni 3,840 kwa 2,160, kama milioni 8. Kwa hiyo "megapikseli 24" zilizobandikwa ubavuni mwa kamera ni hesabu ya picha za mnato. Haziongezi nukta hata moja kwenye video ya HD. Wala zumu ya kidijiti isikudanganye: inakata kipande cha picha na kukivuta kikubwa. Zumu ya kulipia hela ni ya lenzi. Sebuleni usiku, chini ya balbu moja, kamera ya HD yenye sensa kubwa hutoa picha safi kuliko 4K yenye sensa ndogo, ambayo hujaa chenga. Sisemi 4K ni uongo. Nasema ina gharama: kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kila saa, wakati HD nzuri ya megabiti 24 inakula GB 10.8.

Sasa kasi ya fremu, na hapa naomba msomaji anivumilie.

Hadithi hii utaisikia ukikaa na wapiga video. Ndugu aliyeko Marekani ameleta kamera nzuri kwa ajili ya harusi. Mchana, nje, chini ya miembe, picha ni safi. Usiku ukumbini, mistari ya giza inaanza kupita usoni kwa bibi harusi, inapanda na kushuka. Video inaonyeshwa nyumbani, shangazi anashika kidevu, na kabla chai haijapoa imeshaamuliwa kwamba kuna mkono wa mtu. Anatajwa jirani. Anatajwa mchumba wa zamani. Fedha ya kununulia taa inapelekwa kwa mganga.

Mkono uliopo hapo ni wa umeme. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na kila mzunguko una vilele viwili, kwa hiyo taa za tyubu zenye choki, na nyingi za LED za bei rahisi, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, na kamera za kule huja zimepangwa kwa fremu 30 au 60 kwa sekunde. Kamera ikifungua shata kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, fremu moja inapata mwako mmoja na theluthi mbili, inayofuata inaangukia mahali pengine pa mwako, na mwanga haulingani. Sensa nyingi za siku hizi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo tofauti hiyo haionekani kama kumetameta kwa picha nzima bali kama mikanda inayotembea. Jua halifanyi hivyo, ndiyo maana "mkono wa mtu" hauonekani mchana.

Dawa yake haihitaji kuku mweusi. Weka shata kwenye 1/50, kila fremu ipate miako miwili kamili, au 1/100, ipate mmoja. Ukirekodi fremu 60 kwa sekunde, 1/50 haiwezekani kwa kuwa ni ndefu kuliko fremu yenyewe. Tumia 1/100 na ukubali picha kuwa na giza kidogo. Afadhali zaidi, nunua kamera inayokubali kupangwa 25 au 50, iliyoandikwa PAL kwenye menyu. Kenya, Uganda, Oman na Dubai zote zinatumia hezi 50, kwa hiyo mzigo wa Dubai kwa kawaida hauna shida hii. Wa Marekani ukague. Kisha kamwombe radhi jirani.

Nimetumia nafasi kubwa, na la tatu ndilo zito kuliko yote.

Mwaka 2006 Sony na Panasonic walitoa muundo wa AVCHD, na kamera nyingi za HD za nyumbani bado ziko hivyo. Ukifungua kadi yake unakuta folda ndani ya folda, na mwisho kabisa, kwenye STREAM, mafaili yanayoitwa 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza: kadi ikishafomatiwa, kamera nyingi huanza tena kuhesabu kutoka 00000. Ukikopi harusi ya Juni kwenye folda yenye ubatizo wa Aprili, kompyuta inauliza kama ibadilishe faili la zamani. Mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo, na mtoto anakuwa hana ubatizo. Wa pili: hotuba ndefu hukatwa vipande, kwa sababu kadi za hadi GB 32 hutumia mfumo usiokubali faili kupita GB 4. Kwa megabiti 24 hizo ni kama dakika 24. Ukiviunga vipande ovyo, sauti inaruka penye kiungo, na mara nyingi ni pale mzee anapotaja majina ya ukoo. Kopi kadi nzima, folda zote, kwenye folda mpya yenye tarehe na jina la tukio. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama kamera inakupa MP4 ya H.264, chagua hiyo. Karibu kila simu na kompyuta inaifungua.

Wengine hufunga memori kadi kwa nailoni nyeusi na kuiweka mbali na spika, eti sumaku itaifuta. Sumaku ilikuwa adui wa kanda; kadi haihifadhi kwa sumaku. Kinachoua kadi ni kuchomolewa ikiwa bado inaandika, na ubandia: kadi inajitangaza GB 512 ilhali ndani ina GB 8, na inapojaa inajiandika juu yake yenyewe. Ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini.

Wenye kanda za VHS wasingoje. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha Julai 2016, na joto na unyevu wa Tanga huotesha ukungu kwenye utepe. Atakayekuahidi kuigeuza kanda "iwe HD" anakuuzia ukubwa wa faili. Kanda haina nukta hizo.

Wala usihifadhi kwenye WhatsApp: video inabanwa hadi nyuso zinayeyuka. GB 15 za bure za Google hazifiki saa moja na nusu ya HD. Diski mbili za kawaida, moja Mashewa na nyingine kwa ndugu Tanga mjini, zinashinda vyote hivyo.

Kabla hujalipa, chagua kamera yenye tundu la maikrofoni na betri inayotoka. Rekodi dakika mbili chini ya taa za tyubu, uzikopi kwenye kompyuta na kuzifungua hapo hapo. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, rudisha hela yako mfukoni.