Wakuu wa Afya na Chama Chao

Nchini Marekani, gavana mpya akiapishwa huja na watu wake. Katika majimbo mengi, mmoja wao hukabidhiwa idara ya afya ya jimbo: maabara, takwimu za vizazi na vifo, chanjo za watoto, ukaguzi wa migahawa, na simu itakayolia usiku wa manane siku ugonjwa usiojulikana utakapoingia. Mara nyingi aliyeteuliwa ni daktari hodari aliyezoea wodi au darasa. Hajawahi kuitetea bajeti mbele ya wabunge, na sheria inayompa mamlaka ya kumweka mtu karantini huenda akaisoma vizuri kwa mara ya kwanza akiwa tayari ameshakalia kiti.

Kiti chenyewe hakikaliki kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1970, karibu nusu ya wakuu wa afya wa majimbo wameondoka kabla ya kutimiza miaka mitatu. Wapo wanaochoka, wapo wanaofukuzwa, na wengi huondoka tu pamoja na gavana aliyewaleta. Kampeni ya kupunguza uvutaji wa sigara huhitaji muda mrefu zaidi ya huo ili izae matunda. Je, mtu aliyepewa dhamana kubwa kwa muda mfupi hivyo amwegemee nani?

Hawezi kuegemea Washington kwa kila jambo. Chini ya katiba ya Marekani, mamlaka makubwa ya kulinda afya ya jamii yamo mikononi mwa majimbo. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, hutoa ushauri, wataalamu na fedha, lakini shule za Ohio hakiwezi kuzifunga. Kwa hiyo mkuu wa afya wa Vermont, jimbo dogo, hana bosi wa taaluma juu yake, na yule wa Texas naye hana. Wanaoijua kazi hiyo kwa undani ni wale wanaoifanya katika majimbo mengine.

Msomaji wa Kenya ataielewa hali hii upesi. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimegatuliwa kwa kaunti 47, na waziri wa afya wa kaunti huteuliwa na gavana wake. Tanzania ni tofauti kidogo: Mganga Mkuu wa Mkoa ni mtumishi wa umma ndani ya mfumo mmoja wa serikali, mwenye ngazi juu yake na chini yake.

Wakuu wa afya wa majimbo ya Marekani waliunda chama chao mwaka 1942. Hujulikana kwa kifupi kama ASTHO, na kina wanachama 59 tu: wakuu wa afya wa majimbo 50 na wa jiji kuu la Washington, wa maeneo matano yaliyo chini ya Marekani, yakiwemo Puerto Rico na Guam, na wa nchi tatu za Pasifiki zenye mkataba maalumu na Marekani, yaani Palau, Visiwa vya Marshall na Mikronesia. Ni kikundi kidogo kiasi kwamba wote wanaweza kufahamiana kwa majina, na nguvu ya chama inatoka hapo.

Kazi yake ya kwanza ni kumpokea mgeni. Mwaka 1999, kwa fedha za wakfu wa Robert Wood Johnson, ulianzishwa mpango maalumu wa kuwapika wakuu wapya wa afya. Dawa na virusi wanavijua tayari. Wanafundwa namna ya kumweleza gavana habari mbaya, namna ya kuisoma bajeti ya idara nzima, na namna ya kuwakabili waandishi wa habari wakati ukweli wenyewe haujakamilika. Kisha mgeni huunganishwa na mkongwe. Naamini hili lina faida kuliko makongamano yote. Mtu aliyewahi kusimamia mlipuko wa surua katika jimbo ambalo wazazi wanakataa chanjo ana maarifa ambayo hayamo kitabuni, na atayatoa kwa mwenzake kwa uwazi ambao hawezi kuuonyesha mbele ya kamera wala mbele ya gavana wake.

Kazi nyingine haionekani na wengi, nayo inastahili kuangaliwa kwa karibu: kukubaliana juu ya kuhesabu. Kila jimbo lina sheria yake inayotaja magonjwa ambayo daktari analazimika kuyatolea taarifa. Majimbo 50 yakihesabu kwa mizani 50, hakuna atakayejua kama ugonjwa unaongezeka nchini au unapungua. Mwaka 1951, ASTHO iliwakabidhi wataalamu wa epidemiolojia wa majimbo jukumu la kuamua ni magonjwa gani yatolewe taarifa kitaifa. Baraza lao, liitwalo CSTE, linafanya kazi hiyo hadi leo. Kila mwaka hukutana, hujadili hoja zilizoandikwa na wanachama, kisha hupiga kura.

Chukua surua. Ili mgonjwa ahesabiwe kuwa amethibitishwa, ufafanuzi waliokubaliana unamtaka awe na homa na vipele mwilini. Halafu maabara ithibitishe, au mgonjwa awe alikutana na mtu ambaye ameshathibitishwa. Ukihesabu kwa vipele peke yake, kila mtoto mwenye vipele anaingia kwenye hesabu. Ukidai kipimo cha maabara kwa kila mmoja, kijiji kizima kinaweza kuugua na takwimu zikaonyesha wagonjwa wawili.

UVIKO-19 ilipoingia, jambo hili la kuhesabu lilikuwa zito. Vipimo vilikuwa haba, watu walikuwa wakifia nyumbani bila kupimwa. Tarehe 5 Aprili 2020, CSTE ilitoa ufafanuzi wa dharura uliotenganisha mgonjwa aliyethibitishwa na mgonjwa anayedhaniwa kwa sababu za kutosha. Siku tisa baadaye jiji la New York lilianza kutangaza pia vifo vya waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, na hesabu yake ikapanda kwa zaidi ya watu 3,700. Hao hawakufa siku ile. Walikuwa wameshakufa, ila hawakuwa wamehesabiwa.

Chama pia huwasemea wanachama wake katika Bunge la Marekani, hasa kuhusu fedha, ambazo hutolewa kwa wingi wakati wa janga na kukatwa janga likipita.

Lakini yapo ambayo chama hakiwezi. Amy Acton, aliyekuwa mkuu wa afya wa Ohio, alisimama na Gavana Mike DeWine mbele ya wananchi karibu kila siku katika miezi ya mwanzo ya UVIKO-19. Mwezi Mei 2020 waandamanaji, baadhi yao wakiwa na silaha, walifika nyumbani kwake. Mwezi Juni alijiuzulu wadhifa huo. Mwaka uliofuata bunge la Ohio lilipitisha sheria ya kujipa uwezo wa kufuta amri za afya, licha ya DeWine kukataa kuisaini. Acton hakuwa peke yake. Waandishi wa Kaiser Health News na Associated Press walihesabu viongozi wa afya wa majimbo na wilaya wasiopungua 181 walioacha kazi, kustaafu au kufukuzwa kati ya Aprili na Desemba 2020. Katika uchunguzi ambao ASTHO huufanya pamoja na wakfu wa de Beaumont, watumishi wa afya ya jamii walioulizwa mwaka 2021 walieleza hali zao, na zaidi ya nusu walikuwa na angalau dalili moja ya msongo unaofuata kiwewe.

Chama kinaweza kumtafutia kiongozi wa namna hii mshauri, kumpa mwanasheria wa kumfafanulia mamlaka yake, na kumkutanisha na wenzake waliotishwa kama yeye. Kumlinda na gavana au bunge, hakiwezi. Ulinzi huo unatoka kwenye sheria, na sheria hutungwa na watu wanaochaguliwa na wananchi.

Afrika Mashariki ina misingi ya kujengea. Mtandao wa AFENET, ulioanzishwa mwaka 2005 na wenye makao yake Kampala, unaunganisha mafunzo ya wataalamu wa epidemiolojia wa nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake wengi hufahamiana kabla mlipuko haujavuka mpaka. Wakuu wa afya nao wanahitaji kufahamiana hivyo, kwa utaratibu wa kudumu. Kwa hiyo, gavana au waziri unayesoma makala haya: ukimteua mkuu wa afya, mpe nafasi ya kukutana na wenzake wa kaunti na mikoa jirani mapema, kabla ya mlipuko wa kwanza. Na siku ukimwondoa, mpe muda wa kukabidhi ofisi ipasavyo kwa anayekuja.