Kilwa ya Ziwa Mweru: Watalii Wanakuja, Mikataba Iko Wapi?



Tukisikia jina la Kilwa, wengi wetu hukumbuka magofu ya pwani ya Tanzania. Lakini iko Kilwa nyingine, mbali na bahari, ndani ya Ziwa Mweru. Ni kisiwa cha Zambia, na ng'ambo yake, upande wa Kongo, uko mji wenye jina hilo hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa makao ya mfanyabiashara wa misafara aliyejulikana kwa jina la Simba. Leo ni kisiwa cha wavuvi, nasi tulikwenda mwezi wa Julai kuwatembelea.

Tuliondoka Nchelenge asubuhi kwa mashua ya mbao pamoja na magunia ya unga, sabuni, na akina mama waliotoka sokoni. Injini ilikuwapo, lakini petroli ni ghali. Upepo wa kusini mashariki ulipokolea, nahodha aliizima, akasimamisha mti, akafunga turubai likawa tanga. Tukaenda hivyo kwa saa nyingi, kila abiria akichota maji yaliyoingia chomboni. Tulipofika tulipokewa kwa Kibemba, "Mwaiseni!", kisha mazungumzo yakaendelea kwa Kiswahili cha Kongo, maana watu wa ziwa hili wana ndugu pande zote mbili.

MCHANGA NI KIWANDA

Mtalii akiuona ufuko wa Mweru atasema ni mahali pa kupumzika. Sisi tuliona mahali pa kazi. Juu ya mchanga ule akina mama huanika chisense, dagaa wa ziwa hili, wakiwageuza na kuwalinda na ndege, kisha huwafunga katika magunia yanayosafirishwa hadi miji ya migodi. Mtu akizungushia ua mchanga huo apate kuweka viti vya wageni, amefunga kiwanda, ingawa hakuna bango wala king'ora.

Jambo hili si la kubuni. Serikali ya Zambia imekuwa ikieleza kwa miaka mingi nia yake ya kuwafikisha watalii kaskazini, wasiishie Livingstone kwenye Maporomoko ya Victoria. Vya kuonyesha vipo: maporomoko ya Lumangwe katika mto Kalungwishi, na sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe, ambayo huwajaza watu Mwansabombwe kila mwisho wa Julai. Visiwa vya Mweru havitasahauliwa.

Hatupingi wageni. Mkoa wa Luapula unahitaji ajira. Kiwanda cha betri cha Mansa kilifungwa katika miaka ya 1990, na si kila kijana atapata kazi katika mashamba ya chai ya Kawambwa. Lakini tuliyoyasikia kwa nahodha wetu yafaa kila mfanyakazi ayapime.

MIEZI MITATU YA NJAA

Sheria ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaana. Ni sheria njema, lakini miezi hiyo mvuvi hana mshahara. Tulimwambia nahodha kwamba pengine hoteli zitaziba pengo hilo. Mzee akacheka.

"Ndugu zangu, mgeni anakuja wakati wa kiangazi, na wavu wangu nao uko majini wakati wa kiangazi. Mwezi wa kwanza ziwa limefungwa, na mvua inamfukuza mgeni. Sasa nikiacha wavu nimbebee mgeni mizigo, mwezi wa kwanza nitakula nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Hoteli haitaziba pengo la mvuvi. Itaongeza mtu mwingine mwenye pengo lile lile.

Wenzetu wa Zanzibar wanalijua jambo hili. Mwaka 2018 visiwa vile vilipokea watalii zaidi ya 500,000. Hata hivyo, masika yanapofika, Aprili na Mei, hoteli nyingi hupunguza kazi au kufunga milango, na mfanyakazi asiye na mkataba mzuri hurudi nyumbani mikono mitupu. Huko Paje na Jambiani, akina mama wakulima wa mwani wamejikuta wakigombea ufuko mmoja na wageni. Hata Ulaya yapo. Katika kisiwa cha Majorca, bahari ya Mediterania, maelfu ya wenyeji waliandamana mwaka 2024 wakilalamika kwamba wingi wa watalii umepandisha kodi za nyumba.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya jiwe la kwanza la hoteli, wanakijiji wadai kwa maandishi kwamba njia za kwenda majini na viwanja vya kuanikia samaki havitaguswa. Ahadi ya mdomo hufa na aliyeitoa.

Pili, kila atakayeajiriwa aulize swali la nahodha: Januari nitalipwa nini? Sheria ya Ajira ya Zambia, namba 3 ya 2019, inamkataza mwajiri kutumia vibarua kwa kazi iliyo ya kudumu. Sheria hiyo haitatembea peke yake hadi kisiwani. Itabebwa na chama.

Tatu, wenye mashua waungane na kupanga nauli moja ya watalii. Wakishindana wao kwa wao, faida itakuwa ya wakala aliye mjini.

Tuliporudi Nchelenge upepo ulikuwa usoni, turubai halikufaa kitu, na petroli ikaisha kabla ya kufika. Kila abiria aliyepata kasia alipiga kasia, na aliyekosa alichota maji. Hakuna aliyeuliza nani ni nani. Tulifika usiku, tumelowa, lakini sote tulifika.

Umoja ni nguvu!