Lafudhi ya Mzee Ojwang na Ndimi za Garissa

Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Hata hivyo, kwa miaka mingi katika kipindi cha Vitimbi, televisheni ya taifa ilimleta majumbani mwetu kama Mzee Ojwang, Mjaluo wa lafudhi nzito. Alipougua macho uzeeni, wananchi walimchangia fedha za matibabu. Nasadiki alipendwa kwa sababu lafudhi haikuwa kichekesho chenyewe. Tulichekea ukaidi wake na vioja vyake mbele ya Mama Kayai.

Huku Garissa ninakofundisha, mambo ni kinyume. Kisomali hakina sauti za p wala v. Ndiyo maana mwanafunzi hutamka "besa" na "fitabu". Wenzake wasio Wasomali huangua kicheko, naye hunyamaza muhula mzima. (Wanaomcheka, waulizwe, wanajua Kisomali maneno mangapi?) Wachekeshaji wa jukwaani nao, wamwigapo Msomali, aghalabu huishia kwenye b hiyo hiyo. Mhusika wao hana mke, hana deni, wala hana ngamia aliyepotea.

Walimu wenzangu mnaotunga michezo ya kuigiza shuleni, tuandikieni mtu kamili: tuseme mzee wa Bulla Iftin anayebishana na utingo juu ya nauli ya Nairobi, huku bintiye, aliyeitwa chuoni, akimsihi apande basi lisije likawaacha. Aigizwe na Mkamba akipenda. Na b yake ibaki.