Kabla mwanao hajasaini, goti lake limepimwa?

Julai ya mwaka juzi, mdogo wangu alirudi nyumbani Bagamoyo na begi lake la mazoezi, akamwambia mama kuwa timu imewapa mapumziko mafupi. Tulifurahi. Mama alipika pilau, na jirani akaja kumpongeza kwa sababu mtaa mzima ulishajua kwamba kijana wetu yuko kambini na timu ya Ligi Kuu, akijaribiwa. Alikula, akalala, na kesho yake akakaa barazani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya stuli.

Zikapita wiki tatu. Hakuna timu inayotoa mapumziko ya wiki tatu mwezi Julai, lakini sisi hatukulijua hilo, au hatukutaka kulijua. Mimi ndiye ninayeandika habari za afya, na bado sikuuliza kwa nini akishuka ngazi anatanguliza mguu uleule kila siku. Mama ndiye aliyembana usiku mmoja: "Mwanangu, hii likizo inaisha lini?" Ndipo akasema. Siku ya mwisho ya majaribio, majina yalisomwa kutoka kwenye simu. Lake halikuwemo.

Goti lilikuwa limevimba tangu wiki ya pili. Alimeza vidonge vya maumivu kila asubuhi ili asionekane anachechemea. Hakuna aliyempima alipoingia, na hakuna aliyempima alipotoka.

Nimelikumbuka tukio hilo mwezi huu kwa sababu ni msimu wa usajili tena. Magazeti, redio na vijiwe vya kahawa vinazungumza jambo moja: nani anasajiliwa, nani anaachwa, nani anakwenda kwa mkopo. Kwa shabiki hiyo ni burudani. Kwa familia yenye kijana anayecheza mpira, ni suala la afya kabla halijawa suala la ajira, na mara nyingi sisi wa nyumbani ndio wa mwisho kuuliza.

Barabara moja, ndoto nyingi

Ukipanda daladala Bagamoyo kwenda Makumbusho, unapita Zinga, Kerege na Mapinga, kisha unaingia Bunju, uliko uwanja wa mazoezi wa Simba. Ukisogea mbele kidogo na kukata kuelekea baharini unafika Mbweni, kwenye Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, nyumbani kwa JKT Tanzania na dada zao wa JKT Queens. Kijana wa Bagamoyo anakua akiziona ndoto zake kupitia dirisha la daladala. Ndiyo maana ukanda huu una wazazi wengi ambao simu ikiita Juni au Julai, moyo unaruka.

Hesabu, hata hivyo, ni kali. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja hucheza mechi 30. Kanuni zinaruhusu timu kusajili wachezaji wa kigeni 12, hivyo kwenye klabu kubwa nafasi za wazawa ni finyu zaidi. Timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na zinazoshika nafasi ya 13 na 14 hucheza mechi za mchujo. Kocha anayejua hilo hana muda wa kumsubiri kijana apone.

Hata wakubwa huachwa. Mwaka 2024 Simba ilibadili sehemu kubwa ya kikosi chake kabla ya kwenda kambini Ismailia, Misri. Miongoni mwa waliotoka alikuwa nahodha John Bocco, aliyekuwa amekaa hapo miaka saba. Hakwenda mbali. Alijiunga na JKT Tanzania, kilomita chache tu kutoka Bunju. Timu hiyo ambayo msimu wa 2023/24 ilinusurika kwa mchujo, mwaka 2025 ilifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na kutolewa na Yanga. Nayo Simba iliyojengwa upya ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco, kisha ikamaliza ligi ya pili kwa pointi 78, nne nyuma ya Yanga iliyochukua ubingwa wa nne mfululizo. Kuachwa, basi, si mwisho wa mpira. Ila kuachwa ukiwa mgonjwa na hujui kuwa unaumwa, hilo linaweza kuwa mwisho.

Msimu usio na pumzi

Maandalizi ya mwaka 2025 yalikuwa ya haraka kuliko kawaida. Ligi ilimalizika Juni 25 kwa mechi ya Simba na Yanga iliyoahirishwa tangu Machi. Agosti 2 ilianza CHAN, ambayo Tanzania iliandaa pamoja na Kenya na Uganda, na wachezaji wetu wa ndani ndio walioicheza. Desemba ikafuata AFCON nchini Morocco, ambako Taifa Stars ilikuwa kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda.

Mwili wa mchezaji haujali ratiba. Anayetoka kwenye msimu mrefu bila kupumzika hubeba uchovu kwenye misuli. Anayetoka mapumzikoni na kurushwa ghafla kwenye mazoezi mara mbili kwa siku naye yumo hatarini, kwa sababu misuli na kano huhitaji wiki kadhaa kuzoea mzigo. Hapo ndipo zinapokatika nyama za paja, vinapoteguka vifundo vya miguu na kuvimba magoti. Kijana wa majaribio yumo hatarini zaidi ya wote: anafanya mazoezi kama mtu anayecheza fainali kila siku, na hathubutu kusema anaumwa.

Kwa hiyo ukiniuliza msimu ujao utakuwa wa nani, sitaangalia majina mapya peke yake. Nitaangalia timu yenye kikosi kipana, daktari anayesikilizwa na kocha, na mtaalamu wa mazoezi tiba anayeweza kusema "huyu bado" na ikawa. Kufikia Februari, joto la pwani likiwa limekolea, jezi zitakuwa zilezile lakini miguu itakuwa imechoka.

Kapombe na faida ya kusubiri

Shomari Kapombe ni mfano ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Mwaka 2016, akiwa Azam, aligundulika kuwa na damu iliyoganda kwenye mapafu, tatizo linaloweza kuua. Alipelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Mwaka uliofuata akasajiliwa Simba, na msimu wake wa kwanza akakaa nje muda mrefu kwa majeraha. Ingekuwa rahisi kumfuta kwenye orodha. Alisubiriwa, akapona, akawa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2018 hadi 2021, na hadi msimu wa 2024/25 alikuwa bado kikosini.

Wengine hawakupata nafasi hiyo. Desemba 2016, kijana Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao alifunga bao katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, na muda mfupi baadaye akaanguka. Alifariki. Dunia ilikuwa imeshuhudia hivyo kwa Marc-Vivien Foé wa Cameroon mwaka 2003 kule Lyon, Ufaransa. Christian Eriksen wa Denmark alipoanguka mwaka 2021, aliokolewa na watu waliokuwa uwanjani wakijua la kufanya, pamoja na mashine ya kushtua moyo iliyokuwa karibu.

Vipimo haviwezi kuzuia kila kifo. Lakini baadhi ya matatizo ya moyo huonekana mapema yakitafutwa.

Apimwe nini?

Anza na maswali, ambayo hayana gharama. Je, kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Mtoto amewahi kuzimia akikimbia, kubanwa kifua au kuhisi moyo ukienda mbio bila sababu? Majibu ya maswali haya yako nyumbani, hayako kwa kocha. Bibi anaweza kukumbuka mjomba aliyeanguka shambani ambaye wewe hukumjua.

Kisha apimwe shinikizo la damu, wingi wa damu na umeme wa moyo. Daktari akiona dalili, ataomba kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na kwa matatizo makubwa tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ni vizuri pia kijana ajue kama amebeba vinasaba vya selimundu. Aliyebeba anaweza kucheza, lakini anahitaji maji ya kutosha na mazoezi yanayoongezwa polepole, hasa kwenye joto.

Magoti na vifundo vikaguliwe na mtu anayevijua. Goti lililotoa mlio wakati wa kuumia, likavimba siku hiyohiyo au likawa linachomoka, halihitaji kukandwa kwa maji ya moto na kufungwa bendeji tu. Huenda kano ya ndani imekatika. Akifanyiwa upasuaji wa kano hiyo, kurudi uwanjani kabla ya miezi tisa huongeza hatari ya kuikata tena. Mzazi ukisikia miezi minne, uliza maswali.

Vidonge vya maumivu navyo tuviogope. Havitibu goti, vinanyamazisha kengele. Vikimezwa kila siku na mtu anayetoka jasho jingi bila kunywa maji, vinaweza kudhuru tumbo na figo.

Kinga ipo, na ni ya bure. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili moto ya dakika kama 20, yaitwayo 11+: kukimbia taratibu, kuimarisha paja na kiuno, kuruka na kutua sawasawa. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wanaocheza mpira na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Hayahitaji vifaa, yanafanyika hata kwenye viwanja vyetu vya mchanga.

Kalamu kabla ya jezi

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kwa kanuni za FIFA, mkataba ukishasainiwa, uhalali wake hauwezi kutegemea majibu ya vipimo vya afya. Maana yake, klabu inapaswa kupima kwanza, kisha isaini. Ikikuambia saini leo, tutapima kesho, na ukikutwa na tatizo hakuna mkataba, hapo simama. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu. Na katika kila mkataba soma sehemu inayosema nani analipa matibabu mchezaji akiumia, na mshahara unakuwaje akiwa nje.

Kwenye majaribio, ambako hakuna mkataba, uliza wazi: mwanangu akiumia hapa, nani anampeleka hospitali? Si utovu wa adabu. Unampeleka mtoto, hupeleki mzigo.

Akirudi na begi

Na siku akirudi nyumbani bila jezi, tusianze na lawama. Utafiti wa chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wachezaji walioulizwa wana dalili za wasiwasi au sonona, na majeraha makubwa huchangia. Kijana anayejitenga, asiyelala, asiyekula au anayesema hana maana tena duniani, anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa mtaalamu mapema, kama ambavyo ungempeleka akivunjika mguu.

Mdogo wangu alisema kilichomuuma zaidi hakikuwa kuachwa. Ni ule mtaa uliokuwa ukimpungia mkono. Alidanganya kwa sababu alituona tumefurahi mno.

Tulimpeleka hospitali akiwa amechelewa. Kipande cha gegedu ndani ya goti kilikuwa kimechanika, na kwa wiki tatu alikuwa akikitembelea. Alitibiwa, akafanya mazoezi tiba kwa miezi mingi, mengine akiyafanyia ufukweni asubuhi wakati wavuvi wanashusha samaki. Mama alikuwa anamhesabia.

Wiki ijayo anakwenda kujaribiwa na timu ya daraja la kwanza. Sijui kama watamchukua. Kwenye begi lake, chini ya viatu, kuna bahasha yenye majibu ya moyo, damu na goti, na karatasi yenye maswali matatu aliyoyaandika mama kwa mkono wake kwa ajili ya kiongozi wa timu. La kwanza ni hili: akiumia, mtatupigia simu?