Msaidizi wa Daktari wa Meno: Kazi Yake na Jinsi Afundishwavyo

Mtu aumwaye jino, aingiapo chumbani kwa daktari, humtazama daktari na koleo lake tu. Hamwoni yule aliyeketi upande wa pili wa kiti, ingawa ndiye aliyesafisha koleo hilo, akapanga vyombo na kutafuta karatasi zenye habari za ugonjwa. Huyo ni msaidizi wa daktari wa meno. Vijana waliomaliza shule huuliza kazi hiyo ni ya namna gani, na wazazi wao pengine hudhani kuwa ni kazi ya kufagia na kuita majina mlangoni. Sivyo.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. Msaidizi hang'oi jino, hachomi sindano ya ganzi, wala hazibi jino lililotoboka. Nchini Kenya kazi hizo ni za madaktari wa meno, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafundisha mwaka 1974, na baadhi yake ni za maafisa wa afya ya kinywa, wanaosomea diploma kwa miaka mitatu katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu. Msaidizi hufanya kazi chini ya hao, na wasaidizi wengi hujifunza palepale kazini, kando ya kiti.

Kazi hii haina umri mkubwa. Mwaka 1885, katika mji wa New Orleans, Marekani, daktari C. Edmund Kells alimwajiri mwanamke amsaidie. Siku zile haikuwa adabu kwa bibi mwenye heshima kwenda peke yake chumbani kwa daktari. Ilimpasa kufuatana na mumewe au mwanamke mwenziwe. Ilipojulikana kuwa kwa Kells yuko mwanamke kazini, wanawake wakaanza kuja wenyewe.

Jambo ambalo mwanafunzi hupewa mapema ni hesabu ya meno. Mtu mzima ana meno 32, na mtoto ana 20. Kinywa hugawanywa robo nne: ya kwanza ni juu kuume kwa mgonjwa, ya pili juu kushoto, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kuume. Katika kila robo meno huhesabiwa toka katikati kwenda nyuma, 1 hata 8. Kwa hiyo daktari asemapo 'tatu-sita,' maana yake ni gego la kwanza la chini, upande wa kushoto. Hesabu hii ni nyepesi kuikariri, lakini mgonjwa huelekeana na amtazamaye, na kushoto kwake huwa kuume kwa mwingine. Msaidizi akiandika 46 mahali pa 36, gego zima laweza kung'olewa na bovu likabaki, na gego la mtu mzima likisha kung'olewa haliti jingine.

Kisha hufundishwa mahali pa kukaa. Kinywa cha mgonjwa huwa kama katikati ya uso wa saa, na kichwa chake huelekea penye 12. Daktari atumiaye mkono wa kuume hukaa kati ya 9 na 12, na msaidizi kati ya 2 na 4. (Hizi ni namba zilizoandikwa juu ya saa, wala si saa wazihesabuvyo Waswahili.) Chombo hupita chini ya kidevu cha mgonjwa, si mbele ya macho yake, na hasa sindano, kwani mtoto akiiona, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Lakini fungu zito la mafunzo ni usafi wa vyombo. Damu ya mgonjwa yaweza kuwa na virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI, na chombo kisichosafishwa sawasawa huvipeleka kwa mwingine ambaye alikuja kwa ajili ya jino tu. Mwanafunzi hujifunza kuvisugua vyombo kwanza, kwa maana mvuke haupenyi vema damu iliyokauka. Ndipo hufungwa na kutiwa katika chombo cha mvuke wa nguvu, kiitwacho otoklevu, kwa joto la digrii 121 muda wa dakika 15, au digrii 134 muda wa dakika 3, na dakika hizo huhesabiwa baada ya joto kufika, si tangu kuwasha. Kuchemsha sufuriani hakutoshi, kwa sababu ziko mbegu za vijidudu zisizokufa katika maji yachemkayo. Tena Nairobi, iliyo juu ya bahari mita 1,700 hivi, maji huchemka kabla ya kufika digrii 96. Asemaye 'yamechemka sana' hajasema kitu.

Picha za eksirei nazo zina sheria yake: msaidizi hashiki filamu kinywani mwa mgonjwa kwa kidole chake, hata mara moja. Kells yule yule alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga picha za meno kwa miale hiyo, na kwa miaka mingi aliijaribu kwa mkono wake mwenyewe. Saratani ikamwingia, akakatwa vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 alifariki.

Mengine hayamo katika mitambo. Msaidizi ajuaye lugha ya wenyeji ndiye amwelezaye mama kwamba uvimbe mweupe katika ufizi wa mtoto mchanga, uitwao na wengine 'meno ya plastiki,' ni jino la chonge lisilotoka bado, wala silo liletalo homa au kuhara. Kulichimbua kwa chuma huleta damu nyingi na usaha, na pengine huharibu jino la ukubwani lililo chini yake. Humweleza pia kijana wa Nakuru au wa Arusha kwamba meno yake ni ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi katika maji aliyokunywa utotoni, wala si uchafu. Kuyasugua kwa mchanga kutayachubua tu.

Atakaye kazi hii na aanze na chanjo ya homa ya ini ya B. Huchomwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Basi akusudiaye kukaa kando ya kiti mwezi wa Januari yampasa kwenda kuchanjwa Julai.