Gari la Kupita Tope: Jinsi ya Kuchagua na Kununua Gari Linalosukumwa na Magurudumu Manne

Manispaa ya Bukoba, ambamo imo kata ya Kibeta, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi mno. Ukanda huu wa ufuko wa Ziwa Viktoria hupokea kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Msafiri akielekea magharibi, upande wa Karagwe, kiasi hicho hupungua mpaka nusu yake au chini ya hapo. Katika masafa hayo machache ardhi nayo hubadilika sana. Juu ya migongo ya vilima vya mawe ya mchanga kuna rweya, yaani mbuga za nyasi zenye udongo mwepesi usiotuamisha maji. Kandokando yake vimo vibanja vya migomba, na njia za udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Mabondeni kuna mafunjo na udongo mweusi ulioshiba maji, na humo gurudumu huzama tu, halitelezi.

Barabara kuu za kutoka Bukoba kwenda Mutukula, na zile za kwenda Muleba na Biharamulo, zina lami, na kwa hizo gari dogo la kawaida latosha kabisa. Mambo huanza msafiri anapoiacha lami. Ni mwaka 2019 ndipo mapori ya akiba ya mkoa huu yalipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kuanzia hapo mtu wa Bukoba au Muleba anayetaka kuwatembeza wageni, au kuitembeza jamaa yake mwenyewe, ana sababu ya haki ya kutafuta gari lenye uwezo. Gari hilo huenda likawa ndiyo mali ya thamani kubwa kupita zote atakazopata kununua, baada ya nyumba. Kwa hiyo yafaa aelewe kwanza anachokinunua, maana herufi zilizobandikwa mlangoni hazivuti gari kutoka matopeni.

Tuanze na msuguano. Gari husonga kwa sababu tairi huisukuma ardhi nyuma, na ardhi huisukuma tairi mbele. Ukubwa wa kani hiyo hauwezi kuzidi uzito ulioko juu ya magurudumu yanayosukuma, ukizidishwa kwa kizigeu cha msuguano. Juu ya lami kavu kizigeu hicho hukaribia 0.8, juu ya udongo mwekundu uliolowa tuseme ni 0.3. Chukua gari ambalo uzito wake umegawanyika nusu mbele na nusu nyuma. Likisukumwa na magurudumu mawili, ni nusu tu ya uzito inayofanya kazi, hivyo litaweza kupanda mlima unaoinuka kama mita 15 kwa kila mita 100 za mwendo. Likisukumwa na yote manne litapanda mita 30. Hesabu hii imeacha kando ukinzani wa tope lenyewe, ambalo hula sehemu ya kani hiyo, lakini tofauti ya mara mbili hubaki.

Lakini angalia: hesabu hiyo ni ya kupanda, si ya kusimama. Breki za kila gari hushika magurudumu yote manne, liwe la aina hii au la kawaida. Gari linalosukumwa na magurudumu manne halina faida yoyote ya ziada linaposhuka mteremko wa utelezi na dereva akakanyaga breki. Tena, kwa kuwa mara nyingi ni zito zaidi na refu zaidi kwenda juu, likianza kuserereka ni vigumu zaidi kulizuia. Wengi walioumia na magari haya waliweza kuupanda mlima vizuri sana.

Sasa tutazame chini ya gari. Kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja kuna kifaa ambacho mafundi wetu hukiita difu. Kazi yake ni kuliruhusu gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani wakati wa kukata kona. Ubaya wake ni kwamba hugawa kani ya kuzungusha sawa kwa sawa. Gurudumu moja likiwa juu ya utelezi na likawa linapokea kani kidogo tu kabla ya kuanza kuzunguka bure, basi na mwenzake aliye juu ya ardhi ngumu hupata kidogo hicho hicho. Ndiyo maana gari lenye sifa zote laweza kukwama kwa sababu ya magurudumu mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma, huku mawili mengine yakiwa yamesimama kimya juu ya ardhi nzuri. Dawa ni kufuli ya difu, ambayo huyafunga magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja. Katika magari mengi ya siku hizi kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kielektroniki unaolifunga breki gurudumu linalozunguka bure ili kani ihamie kwa mwenzake. Mtambo huo hufanya kazi vizuri, ila hutegemea vihisio na nyaya zilizo karibu na tope.

Kuna namna tatu kubwa za kuipeleka nguvu ya injini mbele na nyuma, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Ya kwanza ni ile ya kuunganisha kwa mkono: kwa kawaida gari husukumwa na magurudumu ya nyuma, na dereva huvuta kigingi ili kuyaingiza ya mbele. Ni imara, lakini haifai kutumiwa juu ya lami kavu, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi masafa sawa katika kona, na mitaimbo hujipinda mpaka kitu kikubali kuvunjika. Ya pili husukuma manne daima, ikiwa na difu ya tatu katikati, ambayo yapasa iwe na kufuli. Ya tatu ndiyo ya magari madogo ya kifahari yanayoonekana sana mijini: magurudumu ya mbele husukuma, na yale ya nyuma huitwa na klachi pale tu ya mbele yanapoteleza. Inatosha kwa kuvuka sehemu fupi yenye utelezi. Katika tope la kilomita nyingi klachi hiyo hupata joto, na mtambo hujizima ili usiungue.

Zaidi ya hayo, magari kama Toyota RAV4 na Toyota Harrier yalitengenezwa pia kwa umbo lile lile bila kusukumwa na magurudumu manne. Kwa macho, mtu asiyejua hawezi kuyatofautisha. Inama uangalie: ikiwa hakuna mtaimbo unaokwenda nyuma na kuingia katika difu baina ya magurudumu ya nyuma, hilo ni gari la magurudumu mawili, hata muuzaji aape. Kwa pikapu hali hugeuka, na difu ya kutafutwa ni ile ya mbele.

Jambo ambalo mimi ningelitanguliza kuliko yote ni gia nzito, zile zinazoandikwa 4L kwenye kigingi. Hupatikana katika sanduku dogo la gia lililo nyuma ya lile kubwa, na katika magari mengi ya kazi huzidisha kani ya kuzungusha karibu mara mbili na nusu. Tuseme gia ya kwanza hupunguza mzunguko mara 4, sanduku dogo mara 2.5, na difu mara 4: injini itazunguka mara 40 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Injini inayonguruma taratibu mizunguko 800 kwa dakika italisogeza gurudumu lenye mzingo wa mita 2.4 kwa mwendo wa chini ya kilomita 3 kwa saa. Mtu anayetembea ataliacha gari hilo nyuma. Kwa mwendo huo mteremko wa tope huteremkwa kwa kuzuiwa na injini, bila kugusa breki, na magurudumu hayasereleki. Gari lisilo na gia hizo lisinunuliwe kwa safari tunazozizungumza hapa.

Baada ya gia ni tairi. Gari la kilo 2,000 huweka kiasi cha kilo 500 juu ya kila tairi. Upepo ukiwa ratili 35 kwa inchi ya mraba, eneo la tairi linalogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 200. Ukipunguzwa hadi ratili 20, eneo hukaribia 350. Kanieneo juu ya ardhi laini hupungua kwa kadiri hiyo, na gari huelea pale lilipokuwa linazama. Hiyo ni faida isiyogharimu chochote ila pampu ya kurudishia upepo, kwani kukimbia juu ya lami kwa tairi legevu huipasha moto na kuipasua. Katika udongo mwekundu wenye kunata, hata hivyo, tatizo ni kashata za tairi kuzibwa na tope, na hapo tairi yenye mifereji mipana hushinda. Tazama pia tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo.

Kimo cha tumbo la gari chapasa kupimwa kutoka sehemu ya chini kabisa, ambayo mara nyingi ni difu. Kuhusu maji, tusidanganyike na ule mrija mrefu uliolipa gari la Land Cruiser jina la mkonga. Mkonga huinua mahali pa kuvutia hewa, nao ni wa maana, kwa kuwa maji hayagandamiziki, na yakiingia ndani ya silinda hupinda vyuma vya injini. Lakini difu iliyopata moto ikitumbukia ghafula katika maji baridi, hewa iliyomo hunywea na kuyavuta maji kupitia sili. Dawa yake ni mrija mdogo wa kupumulia uliopandishwa juu. Wengi hununua mkonga na kuusahau mrija huo, ambao bei yake ni ndogo sana.

Ni gari gani basi? Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Bodi hiyo haipati kutu. Fremu yake ya chuma hupata, na anayenunua ya zamani aigonge fremu kwa nyundo, si milango. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, zimeenea hospitalini, mashirikani na hifadhini, na kwa hiyo vipuri na mafundi wake hupatikana. Hiyo ni sababu nzito kuliko ubora wowote ulioandikwa kitabuni. Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa mno kwa wengi. Kwa watu wawili wenye mizigo michache ningeshauri pasipo kusita Suzuki Jimny: uzito wake ni kama kilo 1,100 tu, ina fremu, ekseli ngumu na gia nzito, na vijana wanne waweza kulisukuma likikwama. Haifai kwa wageni sita na mahema.

Magari mengi yaliyokwishatumika hutoka Japani, ambako huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. (Anayevuka Rusumo kuingia Rwanda akumbuke kuhamia kulia.) Sehemu za kaskazini za Japani humwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, nayo hula vyuma vya chini, rangi mpya nyeusi iliyopakwa uvunguni ni dalili ya kutiliwa shaka. Gari likizeeka hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake, kwa hiyo bei nafuu ya bandarini Japani si bei ya Bukoba. Mwombe fundi asiyekuwa wa muuzaji akague. Afungue nati ya difu na ya sanduku dogo: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Kisha aliendeshe gari juu ya changarawe, aingize magurudumu manne, halafu gia nzito, ahakikishe zinaingia na kutoka bila mlio. Gari lililokaa miaka mingi mjini huenda kigingi hicho hakijaguswa kamwe.

Mzigo uwekwe chini, ndani, si juu ya keria, kwani kitovu cha uzito kikipanda gari hupinduka upesi penye ulalo. Na ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kuiacha njia. Hata kwenye rweya, udongo mwembamba ukichimbuliwa na magurudumu huwa mfereji mvua ya pili ikinyesha. Katika gari pawe na tairi mbili za akiba, jembe, kamba ya kuvutia, na kipande cha ubao kipana cha kuwekea jeki, maana jeki bila ubao juu ya udongo wa bondeni hushuka yenyewe ardhini na gari hubaki pale pale.