Amina: Neno Fupi, Ahadi Nzito

Katika kila adhimisho la Misa Takatifu, sisi waamini hulitamka neno Amina mara nyingi, na kwa mazoea hulipita haraka kana kwamba ni alama tu ya kufunga sala. Inafaa tujiulize tunaahidi nini.

Asili ya neno hili ni Kiebrania. Mzizi wake una konsonanti tatu, alef, mem na nun, zinazobeba maana ya uthabiti: kitu kisichoyumba, kinachoweza kuegemewa. Katika mzizi huohuo limo neno emunah, yaani imani na uaminifu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 27, Walawi wanatangaza laana 12, na baada ya kila moja watu wote wanaitikia Amina. Kwa kuitikia hivyo, wanakubali kufungwa na neno walilolisikia.

Waandishi wa Agano Jipya, ingawa waliandika kwa Kigiriki, waliliacha neno hili lilivyo, na Kilatini kikafuata. Katikati ya karne ya 2, Mtakatifu Yustino Shahidi aliueleza utawala wa Kirumi kwamba Wakristo huitikia Amina mwishoni mwa sala ya shukrani. Bwana wetu Yesu Kristo alilitumia kwa namna ya pekee: aliliweka mbele ya maneno yake mwenyewe, na katika Injili ya Yohane hulitamka mara mbili mfululizo. Kitabu cha Ufunuo (3:14) humwita Yeye mwenyewe Amina.

Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, na kwa njia yake Kiswahili kilipokea maneno ya mzizi huo: amini, imani, amana na amani. Hata jina letu, waamini, limetoka humo. Basi anayesema Amina anagusa kwa pamoja imani aliyopokea, amana aliyokabidhiwa na amani anayodaiwa na jirani yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1064) inafundisha kwamba Amina inayofunga Kanuni ya Imani inathibitisha neno lake la kwanza, Nasadiki. Naye Mtakatifu Augustino aliwafundisha wabatizwa wapya kwamba wanapoitikia Amina mbele ya Mwili wa Kristo, wanakiri pia kuwa wao ni viungo vya Mwili huo, na yawapasa kuishi hivyo ili Amina yao iwe ya kweli.

Hapo ndipo ulipo uzito wake. Aliyekula amana ya yatima, au asiyetaka kupatana na ndugu yake, anaweza kuitikia kwa sauti kubwa kanisani, lakini maisha yake yanamkana. Jumapili ijayo, padre anapouinua Mwili wa Kristo mbele yetu, tusiharakishe. Tukumbuke kwanza tunayepaswa kumrudishia amana yake na tunayepaswa kupatana naye, kisha tuitikie Amina.